Jua la Jomvu Kuu na Saa ya Ukutani

Katika vitabu vingi vya jiografia vilivyoandikwa katika nchi za baridi mna habari ya kwamba Juni ndio mwezi wa mchana mrefu, na Desemba ndio mwezi wa usiku mrefu. Kijana asomaye maneno hayo huko Jomvu Kuu hutazama nje akaona kwamba jua la Juni halikawii kutua hata kidogo kuliko jua la Machi. Basi hudhani moja katika mambo mawili: ama kitabu kimekosea, ama habari zile hazihusu nchi yake. Dhana zote mbili si sahihi. Kitabu kimesema kweli juu ya nchi kilikoandikwa. Na jua la Jomvu Kuu nalo lina safari yake ya mwaka, ila safari hiyo haisomwi kwa njia ile isomwayo na watu wa kaskazini ya dunia.

Wala jambo hili si la wanafunzi peke yao. Mkulima ataka kujua wakati wa kufyeka na kupanda. Mvuvi ataka kujua amebakiwa na mwanga kiasi gani kabla ya kurudi katika mikoko. Karani atokaye kazini jioni, akaenda kupalilia mihogo yake, ataka kujua kwa nini mwezi mmoja hupata palizi ndefu na mwezi mwingine hukatizwa na giza. Mwenye kufunga naye hungoja magharibi, na dakika moja kwake ina thamani. Wote hao hutazama saa, kisha hutazama jua, wakaona kwamba viwili hivyo havipatani siku zote. Yafaa basi kujua ni kipi kinachobadilika na ni kipi kinachosimama.

MJI ULIO KARIBU NA IKWETA

Jomvu Kuu ni mji wa kale katika bara ya Mombasa, kaskazini-magharibi ya kisiwa, kando ya hori la Tudor lenye mikoko mingi. Wajomvu huhesabiwa katika yale Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa, katika fungu la Tisa Taifa. Mji wao uko karibu digrii 4 kusini ya ikweta, yaani mwendo wa kilomita 445 hivi. Katika ukubwa wa dunia huo ni mwendo mdogo, na udogo huo ndio unaoeleza mengi yafuatayo.

Kila mwaka kuna siku nne ambazo ni kama nguzo za safari ya jua. Mbili kati yake huitwa sikusare, kwa kuwa usiku na mchana hukaribia kuwa sawa duniani kote. Nazo huangukia Machi 20 au 21, na Septemba 22 au 23. Mbili nyingine huitwa solistasi, nazo ni vituo ambapo jua hufika mwisho wa mwendo wake wa kaskazini au wa kusini, kisha hurudi. Nazo ni Juni 21 hivi na Desemba 21 au 22. Huko Jomvu Kuu siku hizo nne huwa kama hivi, kwa kukadiria kwa dakika:

Machi 20: jua huchomoza saa 12 na dakika 25 asubuhi, likatua saa 12 na dakika 32 jioni. Mchana ni saa 12 na dakika 7.

Juni 21: jua huchomoza saa 12 na dakika 27 asubuhi, likatua saa 12 na dakika 20 jioni. Mchana ni saa 11 na dakika 53.

Septemba 23: jua huchomoza saa 12 na dakika 10 asubuhi, likatua saa 12 na dakika 17 jioni. Mchana ni saa 12 na dakika 7.

Desemba 21: jua huchomoza saa 12 na dakika 9 asubuhi, likatua saa 12 na dakika 30 jioni. Mchana ni saa 12 na dakika 21.

Basi, toka mchana mfupi kabisa wa Juni hata mchana mrefu kabisa wa Desemba, tofauti yote ni dakika 28. Dakika hizo zimegawanywa katika miezi sita, kiasi cha sekunde 9 tu kwa siku moja. Hapana jicho la mwanadamu liwezalo kuona badiliko dogo namna hiyo. Tena yafaa kuangalia kwamba mambo ya Jomvu Kuu yamegeuka kinyume cha yale ya kitabuni: mchana mfupi uko Juni, na mchana mrefu uko Desemba, kwa kuwa mji huo uko kusini ya ikweta na wala si kaskazini.

Wahenga walisema kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Mwenye deni wa Jomvu Kuu hana hila ya kuurefusha, kwa maana usiku ulio mrefu kuliko yote ya mwaka hauzidi saa 12 na dakika 7.

CHUNGWA NA TAA

Sababu yake yaweza kuonekana mezani kwa chungwa, kijiti na taa. Chungwa likichomwa kijiti toka juu hata chini, kijiti kile ni mfano wa mhimili wa dunia. Taa ikiwekwa katikati ya meza ni mfano wa jua. Sasa chungwa lizungushwe kuizunguka taa, lakini kijiti kisisimame wima. Kiiname kidogo, na kuinama huko kuelekee upande ule ule wa chumba muda wote wa mzunguko. Ndivyo ilivyo dunia. Mhimili wake umeinama kiasi cha digrii 23 na nusu, nao hauachi kuelekea upande mmoja wa mbingu mwaka mzima.

Chungwa likiwa upande mmoja wa meza, ncha ya juu ya kijiti huinamia taa. Hiyo ni Juni, na nchi za kaskazini hupata mwanga mwingi. Likiwa upande wa pili, ncha ile huipa taa kisogo. Hiyo ni Desemba, na zamu ya mwanga mwingi huwa ya nchi za kusini. Katika sehemu mbili zilizo kati ya hizo, kijiti hakiinamii taa wala hakiipi kisogo. Hizo ndizo sikusare.

Mtu akichora mstari wa wino kulizunguka chungwa katikati, mfano wa ikweta, ataona jambo la ajabu. Popote liwapo chungwa, nusu ya mstari ule iko katika mwanga na nusu iko katika kivuli. Kwa hiyo nchi za ikweta hazipungukiwi na mchana wala haziongezewi. Mstari uliochorwa juu zaidi, karibu na ncha, hukatwa vipande visivyo sawa: mara kipande kikubwa kiko katika mwanga, mara kipande kidogo. Jomvu Kuu iko karibu sana na mstari wa katikati, nayo hukatwa karibu nusu kwa nusu.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa nusu ni nusu, mbona siku ya sikusare mchana una dakika 7 zaidi ya saa 12? Sababu ni mbili. Kwanza, jua si nukta bali ni duara, na watu huhesabu kuchomoza toka ukingo wake wa juu uonekanapo, na kutua mpaka ukingo huo upotee. Pili, hewa huupinda mwanga, hata jua likaonekana wakati ambapo kwa hakika liko chini ya upeo wa macho. Mambo hayo mawili huongeza dakika chache asubuhi na dakika chache jioni. Ndiyo maana siku ambazo mchana wa Jomvu Kuu ni saa 12 kamili si zile za sikusare, bali ziko karibu na Aprili 21 na Agosti 21. Kati ya tarehe hizo mbili, kupitia Juni na Julai, mchana hupungua kidogo chini ya saa 12. Miezi minane iliyobaki, mchana huushinda usiku.

NCHI NYINGINE NA HESABU YA SAA

Ni vizuri kulinganisha. Nairobi iko karibu na ikweta kuliko Mombasa, na tofauti ya mchana wake mrefu na mfupi ni dakika 9 tu. Muscat, mji ambao majahazi yake yalikuja Mombasa kwa pepo za kaskazi kwa karne nyingi, uko kaskazini ya mbali. Huko mchana wa Juni ni saa 13 na dakika 35, na wa Desemba ni saa 10 na dakika 41. Hiyo ni tofauti ya karibu saa tatu. Mjini London mchana wa Juni hufika saa 16 na dakika 38, na wa Desemba hushuka hata saa 7 na dakika 50. Katika Cape Town, mambo huenda kama Jomvu Kuu lakini kwa kipimo kikubwa: mchana wa Desemba hupita saa 14, na wa Juni haufiki saa 10.

Hapa ndipo ionekanapo hekima ya hesabu ya saa za Kiswahili. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua lichomozapo na saa za usiku jua lituapo; saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza. Siku yenyewe huanza jioni, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Wageni wengine huiona hesabu hiyo kuwa ya kigeugeu. Lakini hesabu hiyo yaafikiana na nchi yake. Mahali ambapo mchana na usiku hukaa karibu saa 12 mwaka mzima, jua ni mwanzo mwema wa kuhesabia. Mtu wa London akiitumia, saa moja ya asubuhi ya Juni ingemwangukia wakati majirani wamelala fofofo, na saa moja ya asubuhi ya Desemba wakati wamekwisha kufika kazini.

Vivyo hivyo katika kufunga. Mwezi wa Ramadhani hufuata mwandamo, na mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka katika kalenda ya jua, ikapita majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Katika nchi za kaskazini mtu hufunga ujanani siku fupi za baridi, kisha akafunga siku ndefu za joto katika utu uzima wake. Huko Jomvu Kuu, toka alfajiri hata magharibi, saumu ndefu kuliko zote huipita saumu fupi kuliko zote kwa nusu saa tu.

SAA YA UKUTANI HUDANGANYA VIPI

Hata hivyo watu wa pwani hushuhudia ya kwamba jua la Oktoba hutua mapema, na jua la Februari hukawia. Ushahidi wao ni wa kweli. Karibu na Oktoba 25 jua la Jomvu Kuu hutua yapata saa 12 na dakika 12 jioni, ambayo ni mapema kuliko siku zote za mwaka. Mwanzo wa Februari hutua yapata saa 12 na dakika 43. Hiyo ni zaidi ya nusu saa. Karani atokaye kazini saa 11 jioni hupata dakika 72 za jua mwisho wa Oktoba, na dakika 103 mwanzo wa Februari. Kwa mtu mwenye shamba dogo la jioni, hayo ni matuta kadhaa.

Wengi husema, basi mchana wa Februari ni mrefu zaidi. Sivyo. Wakiamka mapema wataona kwamba mwisho wa Oktoba jua huchomoza saa 11 na dakika 59, kabla ya saa 12 kupiga. Na mwanzo wa Februari huchomoza saa 12 na dakika 27. Mchana wa Oktoba 25 ni saa 12 na dakika 14, na mchana wa mwanzo wa Februari ni saa 12 na dakika 16. Michana hiyo miwili imepitana kwa dakika mbili tu. Aliyeongezewa jioni amekatwa asubuhi.

Ni nini basi kilichosogea? Kilichosogea ni adhuhuri yenyewe, yaani wakati jua lifikapo juu kabisa. Saa ya ukutani imetengenezwa ili kila siku iwe na saa 24 kamili. Jua haliendi hivyo. Toka adhuhuri moja hata adhuhuri ya pili, mwisho wa Desemba hupita saa 24 na kama nusu dakika. Katikati ya Septemba hupungua kama theluthi ya dakika. Sababu ni mbili: dunia huenda mbio zaidi mwanzo wa Januari iwapo karibu na jua, na huenda polepole mwanzo wa Julai iwapo mbali nalo, tena njia ya jua mbinguni ni ya mshazari kwa ajili ya ule mhimili ulioinama. Sekunde hizo hukusanyika siku baada ya siku kama senti katika kibweta. Mwisho wa Oktoba adhuhuri ya Jomvu Kuu huwa saa 6 na dakika 6 hivi. Mwanzo wa Februari huwa saa 6 na dakika 35. Mchana wote, mwanzo na mwisho wake, umesukumwa mbele pamoja na adhuhuri hiyo.

Kuna na sababu ya adhuhuri ya Jomvu Kuu kuchelewa baada ya saa 6 mwaka mzima. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita Somalia karibu na Mogadishu. Jomvu Kuu iko magharibi ya mstari huo kwa digrii 5 na kidogo, na kila digrii moja ni dakika 4 za mwendo wa jua. Hivyo, kwa wastani, jua hufika juu ya Jomvu Kuu dakika 21 hivi baada ya kufika juu ya mstari ule.

Faida ya kujua haya si ndogo. Atumiaye saa ya magharibi ya Februari mpaka Oktoba atakuwa amepotea kwa nusu saa. Na mvuvi aliyezoea kurudi horini saa 12 na nusu, hali jua lingali juu ya minazi, mwisho wa Oktoba atakuta saa hiyo giza limekaribia. Karibu na ikweta jua hutua likishuka moja kwa moja, na mwanga wa kutosha kufanyia kazi nje hudumu dakika 20 na kitu tu baada ya hapo. Mjini London, katika Juni, mwanga huo hudumu zaidi ya dakika 40. Mtu wa pwani hana akiba hiyo.

FIMBO NA KIVULI CHAKE

Ikiwa urefu wa mchana haubadiliki sana, na saa ya ukutani hudanganya, mtu wa Jomvu Kuu atazame nini ili aione safari ya jua? Atazame kivuli. Katika jambo hili pwani imepata kuliko London, kwa maana huko Ulaya kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini huko Jomvu Kuu hugeuka.

Fimbo iliyonyoka ya mita moja isimamishwe wima katika uwanja ulio sawasawa. Juni 21, wakati wa adhuhuri ya jua, kivuli chake huwa sentimita 52, nacho huelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini. Desemba 21 kivuli huwa sentimita 35, nacho huelekea kaskazini, kwa kuwa jua limepita kusini. Kati ya vituo hivyo viwili, kivuli hupungua na kupotea. Siku hizo ni mbili: Machi 10 hivi na Oktoba 3 hivi. Siku hizo jua husimama utosini, na fimbo iliyo wima haina kivuli. Mwezi wa Machi hilo hutukia saa 6 na dakika 32, na mwezi wa Oktoba saa 6 na dakika 11.

Vilevile mahali pa kuchomoza husogea. Siku za sikusare jua huchomoza mashariki kamili. Juni huchomoza digrii 23 na nusu upande wa kaskazini, na Desemba kiasi hicho hicho upande wa kusini. Mtu asimamaye kila asubuhi penye kizingiti kile kile, akaweka alama kwa mnazi au mwembe ulio mbali, ataona jua likitoka mti huu kwenda mti ule, likasimama siku chache kana kwamba limechoka, kisha likarudi. Kusimama huko ndiko solistasi.

Na fimbo hiyo ina kazi nyingine. Jomvu Kuu na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo Kibla ya Jomvu Kuu ni kaskazini karibu kamili. Mei 28 hivi, saa 6 na dakika 18, na Julai 16 hivi, saa 6 na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe. Saa za Kenya na za Saudia ni sawa, hivyo hapana hesabu ya kugeuza. Dakika hiyo, mwenye kulielekea jua ameelekea Kibla, na kivuli cha fimbo huonyesha upande wa nyuma yake. Ni kipimo kisichohitaji dira.

JOTO, MVUA NA BAMVUA

Wengine huuliza: ikiwa Desemba ndio mwezi wa mchana mrefu, mbona Machi huunguza zaidi? Jibu ni kwamba dakika 28 za mwanga si kitu mbele ya mahali lisimamapo jua na mbele ya upepo na bahari. Mwezi wa Machi jua hupita utosini, bahari imekwisha kupashwa moto kwa miezi mingi, na kaskazi inakwisha nguvu. Julai na Agosti jua liko kaskazini ya mbali, na kusi huvuma toka baharini. Ndiyo miezi ya baridi ya pwani.

Mvua nazo hulifuata jua kwa nyuma, kama mtumishi amfuatavyo bwana wake. Jua lipitapo juu ya ikweta, hewa iliyopashwa moto hupanda na mawingu hukusanyika, lakini hayo huchukua majuma kadhaa. Baada ya jua la utosi la Machi huja mvua za mwaka, ambazo huzidi sana Mei. Na baada ya lile la Oktoba huja vuli. Fimbo haiwezi kutabiri kwamba mvua itanyesha siku fulani, wala kwamba itakuwa nyingi. Lakini kivuli kinapopotea mwezi wa Machi, mkulima ambaye hajafyeka ajue kwamba amechelewa.

Bahari yenyewe haikusahau sikusare. Bamvua huja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, lakini bamvua zilizo kubwa ni zile zilizo karibu na sikusare, Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, kwa kuwa jua na mwezi huvuta pamoja zikiwa karibu na ikweta. Wenye nyumba, mashimo ya choo au vyombo kando ya hori hawana budi kuzikumbuka siku hizo kabla maji hayajafika mlangoni.

MWAKA ULIOKOSA SIKU MOJA

Wazee wa pwani hawakuwa wajinga wa mambo haya. Mbali na kalenda ya mwezi, iliyo ya ibada, walikuwa na mwaka wa jua kwa ajili ya kilimo na safari za bahari. Mwaka huo ulianza kwa Nairuzi, jina la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, nao ulikuwa na siku 365 zilizogawanywa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima aliambiwa apande mbegu fulani katika mwongo fulani. Sikukuu ya mwaka huo ingali husherehekewa Makunduchi, Unguja, kila Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa.

Ila mwaka huo una upungufu mmoja. Jua humaliza safari yake kwa siku 365 na karibu robo, na robo hiyo wazee hawakuihesabu. Kila miaka minne Nairuzi hutangulia jua kwa siku moja. Katika miaka 100 hutangulia kwa siku 24. Hata Waajemi walipatwa na tatizo hilo, mpaka mwaka 1079, wakati wa Sultani Malik Shah, wanajimu wake, Omar Khayyam akiwa miongoni mwao, walipoiweka Nairuzi mahali pake katika sikusare ya Machi. Ndiyo maana Nairuzi ya Iran iko Machi na ile ya Makunduchi iko Julai.

Basi mkulima afuataye leo mwongo ule ule alioufuata babu wa babu yake miaka 100 iliyopita, hupanda siku 24 kabla ya wakati alioukusudia mzee yule. Mbegu huwekwa katika vumbi, zikaliwa na ndege na mchwa kabla ya mvua. Si kwamba wazee walikosea; wao walipima wakati wao. Kosa ni kuchukua hesabu ya mtu na kuiacha fimbo yake.

Kwa hiyo yafaa kila shule na kila shamba kuwa na fimbo yake. Isimamishwe penye jua, mbali na miti. Wakati wa adhuhuri, kivuli kiwapo kifupi kabisa, ncha yake ipigwe kigingi, na tarehe iandikwe katika daftari pamoja na saa. Kazi hiyo yatosha kufanywa mara moja kwa juma. Mwaka ukitimia, vigingi vitakuwa vimepanga mstari mmoja toka kusini hata kaskazini, na tarehe za daftarini zitaonyesha Machi na Oktoba kwamba jua limepita utosini. Mwaka wa pili vigingi havitahitaji kuhamishwa: kivuli cha Machi kitaangukia pale pale penye kigingi cha Machi.